Misuli ya Mwili: Nyuzi Zivutazo, na Kovu Lisilovutika

Msomaji mpenzi, weka kiganja cha mkono wako wa kushoto juu ya mkono wa kulia, hapa katikati ya bega na kiwiko. Sasa kunja mkono wa kulia kana kwamba wainua ndoo ya maji. Wasikia nini chini ya kiganja? Nyama imepanda juu, imekuwa fupi, nene na ngumu. Nyosha mkono tena. Nyama imelala, imekuwa ndefu na laini. Nyama hiyo ndiyo tuitayo msuli, nayo ni yako zaidi ya 600 katika mwili mmoja, tangu ile mikubwa ya mapaja mpaka ile midogo ifumbayo kope za macho.

Mimi ni karani wa parokia hapa Haneti, mkoani Dodoma. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa, si dawa. Lakini kabla ya kushika kazi hii nilipita chuo cha ualimu, na huko nilifundishwa habari za mwili. Tena ninayo sababu ya pili ya kuandika, nayo nimeikalia kwa miaka thelathini hivi. Tutaifikia.

Kwanza tuitazame nyama yenyewe. Siku ya sikukuu mama anapochemsha nyama ya ng'ombe mzee mpaka ikaiva mno, watoto huichambua kwa vidole, nayo hutoka nyuzi nyuzi. Mfano wake ni kamba ya katani. Ukiifumua kamba wakuta nyuzi nene; ukiufumua uzi mnene wakuta nyuzi nyembamba zaidi. Msuli nao ni hivyo hivyo, ila haukusokotwa. Nyuzi zake zimelala sambamba kama mabua ya uwele yaliyofungwa mzigo, mafungu madogo ndani ya mafungu makubwa, na kila fungu limevikwa utando mweupe. Ni utando ule ule ambao mchinjaji huubandua kwa ncha ya kisu. Mwishoni tando hizi zote hukutana, hukaza, hugeuka kano ngumu iliyoshika mfupa. Shika nyuma ya kisigino chako: kamba ile ngumu ni kano ya misuli ya shavu la mguu.

Uzi mmoja wa msuli ni mwembamba kama unywele, lakini katika paja waweza kuwa mrefu wa sentimeta nyingi. Na uzi huo mzima, msomaji, ni chembe hai moja tu. Chembe nyingi za mwili zina kiini kimoja, bali uzi wa msuli una viini vingi, kwa kuwa tulipokuwa bado tumboni mwa mama chembe ndogo nyingi ziliungana zikawa uzi mmoja.

Ndani ya uzi huo mna nyuzi nyingine zisizoonekana kwa macho, za aina mbili, nene na nyembamba. Nene huitwa miosini, nyembamba huitwa aktini. Zamani wataalamu walidhani kwamba msuli unapofupika nyuzi hizi hujikunja. Basi mwezi wa Mei mwaka 1954, katika toleo moja la jarida la Nature la Uingereza, makundi mawili yalitoa habari zao: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na bibi Jean Hanson upande wa pili. Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu, na kila kundi lilikuwa limefanya kazi yake mbali na lingine. Lakini wote walisema neno moja: nyuzi hazijikunji wala hazifupiki. Zateleza, moja kando ya nyingine.

Wafikiri ni jambo gumu? Umeliona mara nyingi. Ng'ombe ametumbukia katika kisima cha mchanga mtoni, na vijana wamemfunga kamba. Kila kijana ashika kamba, avuta, aachia, ashika tena mbele kidogo, avuta. Kamba haifupiki hata kidogo, lakini ng'ombe apanda. Uzi mnene ndio ule msururu wa vijana, maana una vichwa vidogo vingi kama mikono. Uzi mwembamba ndio kamba. Unapoinua kijiko cha uji, mikono ya namna hiyo isiyo na idadi yashika na kuachia ndani ya mkono wako.

Hapa kuna neno ambalo naomba ulishike, maana tutalihitaji mbele. Msuli hujua kuvuta tu. Haujui kusukuma. Mama anapotwanga, misuli mingine huvuta mchi upande juu, na mingine, ya upande wa pili, huvuta mikono ishuke kinuni. Kwa hiyo kila msuli una mwenzake anayefanya kazi kinyume chake. Huyu akifupika, yule budi akubali kurefuka. Asipokubali, kiungo hakiendi, hata huyu avute kwa nguvu za namna gani.

Sasa, mikono hiyo midogo hula nini? Wengi mmechinja mbuzi. Mmeona jinsi mnofu uliokwisha kukatwa unavyochezacheza juu ya ngozi, na watoto hushangaa wakidhani mbuzi yu hai. Mbuzi amekufa, lakini nyuzi bado zinayo akiba ya nguvu iliyotoka katika chakula, nazo zaitumia mpaka ikwishe. Ikwishapo, nyama hukauka ikawa ngumu. Hali kadhalika maiti ya binadamu. Wazee wetu wanajua kwamba marehemu hunyoshwa mikono na miguu mapema, kwa kuwa baada ya saa chache hukakamaa. Sababu ni hii: nguvu za chakula hazitakiwi kwa kushika na kuvuta tu, zatakiwa hata kwa kuachia. Zikwishapo, kila mkono mdogo hubaki umeshika kamba. Baada ya siku moja au mbili nyama yenyewe huanza kuharibika, na viungo hulegea tena.

Misuli ya namna hii, iliyoshikamana na mifupa na kutii mapenzi yetu, ni aina ya kwanza. Ziko mbili nyingine zisizongoja amri yetu. Ya pili ni laini, nayo imezunguka tumbo, utumbo, mishipa ya damu na mji wa mimba. Hiyo ndiyo isukumayo chakula hata ukiwa umelala. Akina mama waijua kuliko sisi wanaume: uchungu wa kuzaa ni msuli wa mji wa mimba unavyojikaza, na mtoto akisha toka ni msuli huo huo uendeleao kukaza na kuibana mishipa iliyobaki wazi, damu ikome. Ukilegea, mama hutokwa na damu hata kufa, na ndiyo sababu mkunga wa zahanati humpa dawa ya kuukaza. Aina ya tatu ni moyo. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na pumziko lake ni kile kitambo kidogo kati ya pigo na pigo.

Turudi kwa misuli ya mifupa. Mkate kuku wa kienyeji utazame: kidari ni cheupe, paja ni jekundu. Kuku hutembea mchana kutwa, lakini huruka kidogo tu akikimbia kicheche. Nyuzi nyekundu zina damu nyingi na hazichoki upesi. Nyuzi nyeupe zina nguvu nyingi za ghafula, kisha huchoka. Sasa mtazame njiwa. Kidari chake ni chekundu cheusi, kwa kuwa yeye huruka mbali. Mwanadamu amechanganyiwa zote mbili katika kila msuli, mmoja zaidi ya hizi, mwingine zaidi ya zile. Juma Ikangaa, aliyezaliwa hapa Dodoma mwaka 1957, ni mtu mfupi mwembamba, hana misuli ya kumtisha mtu. Lakini mwezi wa Novemba 1989 alishinda mbio za New York za kilometa 42 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na huko Boston alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ukitaka kumjua mwenye nguvu usitazame unene wa mkono. Mwulize kwanza ni nguvu za kazi gani.

Wazee nao wana sehemu yao katika habari hii. Mtu akipita miaka ya utu uzima nyuzi zake hupungua na kukonda, lakini asiyetumia misuli huzipoteza upesi zaidi. Twamheshimu bibi kwa kumwekea kigoda chini ya mti na kumwambia asishike kitu, na baada ya mwaka hawezi kusimama bila kushikwa. Mwaka 1990 huko Boston madaktari waliwachukua wazee dhaifu 10, mkubwa wao akiwa na miaka 96, wakawazoeza kuinua uzito kwa miguu kwa majuma 8. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Basi mwache bibi apepete unga wake na kutembea mpaka kwa jirani.

Na chakula. Msuli hujengwa kwa protini, na hapa kwetu hatukosi: kunde, njugu mawe, karanga, maziwa, kuku, na hata uwele wenyewe una kiasi chake. Mwili usipopata chakula hujila wenyewe, na msuli ndio ghala unaloliendea. Babu zetu walisimulia njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, watu walivyobaki mifupa iliyovikwa ngozi. Ile haikuwa mafuta tu yaliyokwisha. Walikuwa wamekula misuli yao.

Kazi nyingine ya msuli ni kutoa joto. Asubuhi ya mwezi wa Julai, upepo wa Ugogo unapouma, mwili hutetemeka wenyewe: ni misuli inayofanya kazi isiyo na faida nyingine ila kupasha mwili moto. Na mtu mwenye malaria anapogongana meno chini ya mablanketi mawili wakati wa jua kali, ni kitu kile kile. Kichwa kimedanganyika kwamba mwili ni baridi, basi misuli imeamriwa kuupasha.

Hapo ndipo habari yangu inapoanza, kwa homa.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka mitano. Mvua zilikuwa zinakwisha, na mbu ni wengi. Nikashikwa na homa ya kutetemeka. Wakati ule kijijini petu alikuwako mtu aliyepita nyumba kwa nyumba na mkoba wa dawa. Simtaji, wala sisemi kwamba alikuwa na nia mbaya. Watu walimwita wenyewe, na baba yangu alimshukuru na kumpa kuku. Alinichoma kwinini matakoni, kushoto asubuhi, kulia jioni, siku tatu. Homa ikaondoka. Baada ya mwezi ikarudi, naye akarudi. Ikawa hivyo mwaka ule na mwaka uliofuata. Mama ameniambia kwamba alihesabu sindano mpaka zikapita ishirini, akaacha kuhesabu.

Nilipoingia darasa la kwanza, mwalimu alituambia tuchuchumae tung'oe majani uwanjani. Wenzangu wakachuchumaa, magoti mbele. Mimi magoti yangu yalikwenda moja kushoto na moja kulia, nikaanguka chali. Toka siku ile jina langu likawa Chura. Sikuweza kuketi na magoti pamoja. Kanisani, katika benchi la watoto, nilichukua nafasi ya watu wawili, na waliotulinda walinipiga kibao cha goti nikae vizuri. Kukamua mbuzi sikuweza. Chooni sitasimulia. Wengine walisema ni kupooza, wengine walisema nimerogwa, na nilichanjwa chale mgongoni na kiunoni ambazo ninazo hata leo.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mkufunzi alichora ubaoni msuli mkubwa wa tako. Waanza nyuma ya nyonga na kushuka kwa mshazari mpaka upande wa nje wa paja. Akasema lile neno nililokuomba ulishike: ili msuli wa mbele ufupike na kuleta paja tumboni, huu wa nyuma budi urefuke. Nikasimamisha kalamu. Nilijua kwamba anayesemwa pale ni mimi.

Likizo ilipofika nikaenda kwa daktari wa mifupa. Alinilaza ubavu, akabonyeza kwa kidole gumba, akanishika mkono na kuniwekea kidole changu mwenyewe mahali pale. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kama kamba ngumu ya kufungia ng'ombe. Akasema, hii si nyama, hili ni kovu.

Msomaji aweza kuuliza: je, msuli ukiumia haujiponyi? Hujiponya, na vizuri sana. Mwaka 1961 mtaalamu Alexander Mauro aliona, kandokando ya nyuzi za msuli wa mguu wa chura (nilicheka niliposoma kwamba ni chura), chembe ndogo zilizojibanza chini ya utando, zimelala tu. Uzi ukiumizwa, chembe hizo huamka, huzaana, huungana, hutengeneza uzi mpya ndani ya ala ya uzi wa zamani. Ndiyo sababu baada ya kulima siku ya kwanza waumwa mwili mzima, na baada ya juma moja waweza kulima zaidi. Moyo hauna bahati hiyo. Sehemu ya moyo ikifa, hubaki kovu. Lakini hata msuli wa mguu una mpaka wake. Kwinini ni dawa kali. Ikimwagwa ndani ya msuli mdogo wa mtoto, nyuzi zilizoizunguka hufa, pamoja na ala zake na zile chembe za kuponya. Ikimwagwa tena na tena mahali pale pale, mwili hauna la kufanya ila kuziba pengo kwa nyuzi za kovu. Kovu ni gumu, halivuti, wala halikubali kuvutwa. Mtoto aendelea kurefuka mifupa, kovu labaki pale pale, na paja lavutwa nje.

Tena kuna hatari nyingine mahali pale. Chini ya tako hupita mshipa wa fahamu ulio mkubwa kuliko yote mwilini, mnene kama kidole. Sindano au dawa ikiugusa, mtoto aliyekwenda kwa miguu yake hurudi akiburuta unyayo, na watu husema ni polio. Msuli wa mguu ni mzima, ila amri haifiki.

Haya si mambo ya kijiji chetu peke yake. Katika Uganda ya mashariki, nchi ya Wateso, madaktari wa wilaya ya Kumi wamewapokea watoto wengi ambao tako lao limegeuka kovu kwa namna hii, wakawapasua na kuandika habari zao wazi. Wengi wa watoto wale walikuwa wamechomwa kwinini kwa ajili ya malaria.

Kwa nini twaipenda hivi sindano? Nadhani nalijua jibu. Babu zetu waliteswa na buba, vidonda mwili mzima. Tangu miaka ya 1920 sindano za buba zilipoletwa Tanganyika, watu walitembea mwendo mrefu kuzifuata, na penisilini ilipokuja baadaye, sindano moja tu iliwakausha vidonda. Walisimulia watoto wao, na watoto wakatusimulia sisi. Basi hata leo mtu akipewa vidonge hutoka zahanati ananung'unika kwamba hakutibiwa. Twadhani dawa isiyouma haiponyi.

Lakini malaria ya kawaida haitaki sindano. Tangu mwaka 2006 dawa ya kwanza ya malaria katika Tanzania ni dawa ya mseto, vidonge. Mtoto apimwe kwanza damu ya kidole, maana si kila homa ni malaria. Akionekana nayo, ameze asubuhi na jioni kwa siku tatu, kipimo cha pili kikiwa saa nane baada ya cha kwanza, na vyote amalize hata akianza kucheza siku ya pili. Ameze pamoja na chakula au maziwa, kwa kuwa mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini. Akitapika dawa, rudini mkaeleze, msikimbilie mwenye mkoba.

Tafadhali mnielewe, hasa ninyi akina mama, maana sitaki mtu alifungie gazeti hili chanjo. Sindano za chanjo hazina kwinini. Watoto wadogo huchomwa upande wa mbele na nje wa paja, mbali na ule mshipa mkubwa. Wapelekeni. Na mtoto mwenye malaria kali, yaani aliyeshikwa na degedege, asiyeweza kunyonya wala kunywa, atapikaye kila kitu, au aliyelegea asijue kitu, huyo akimbizwe hospitali saa ile ile, na akichomwa sindano, achomwe. Siku hizi dawa yake ni artesunate. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, na waliopewa artesunate walikufa wachache kuliko waliopewa kwinini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, lile la Umoja wa Mataifa, likaagiza itumike kwa watoto. Hudungwa katika mshipa wa damu, au katika paja. Mzazi aweza kuuliza kwa adabu, "Bwana mganga, sindano hii ni ya nini, na kwa nini isiwe vidonge?" Mganga mwema hachukizwi na swali hilo. Na akitaka kumchoma mtoto wako tako, mwombe paja.

Mimi nilipasuliwa nikiwa na miaka 22. Walilikata lile kovu upande huu na upande huu, na baada ya hapo kazi ilikuwa yangu: kila siku kuvuta magoti kifuani, kuketi magoti yakiwa yamefungwa kwa kitambaa, miezi mingi, machozi yakitoka. Daktari alisema ingekuwa rahisi zaidi utotoni. Siku hizi nachuchumaa. Si kama ninyi, lakini nachuchumaa.

Mwaka juzi alikuja ofisini bibi mmoja kutaka cheti cha ubatizo cha mjukuu wake anayeanza shule. Mtoto aliketi benchini, miguu kushoto na kulia. Bibi akampiga goti. "Huyu hakai vizuri, karani. Nimemchapa mpaka nimechoka."

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Usimpige." Nikaangusha kalamu sakafuni kwa makusudi, nikamwambia mtoto aniokotee. Alishuka kuiokota kama chura.

Nikamwuliza bibi kama mjukuu aliwahi kuchomwa sindano nyingi. Akasema, "Sana, mwanangu. Mimi mwenyewe nilimpeleka kwa muuza dawa. Nilikuwa namwomba ya sindano, vidonge sikuvitaka." Kisha akanitazama, nadhani aliona usoni mwangu, akanyamaza. Nikatoka nyuma ya meza, nikachuchumaa pale sakafuni mbele yao wote wawili, nikamwonyesha bibi mahali pa kubonyeza kwa kidole gumba. Alibonyeza, akaondoa mkono upesi.

Walikwenda hospitali mara tatu kabla ya siku ya kupasuliwa kupatikana, na nauli ilikuwa shida. Nilipomwona mtoto yule mwezi uliopita alikuwa nje ya duka, anacheza gololi na wenzake. Nilimwita kwa jina lake. Hakusikia, alikuwa amechuchumaa analenga shabaha, magoti yote mawili mbele.